Miguu ya Mtoto Siku ya Tamasha

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Kampala, kila mnapokaribia kurudi nyumbani simu zenu huja na swali lile lile: safari hii kuna tamasha gani, na msanii gani anakuja? Huwa nawajibu kadiri ninavyojua. Ila hamjaniuliza bado mtafuatana na nani, na kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito. Msanii atakaa jukwaani saa moja, akizidisha sana saa moja na nusu. Mtoto mliyemkalisha begani, mama mkwe mliyemshika mkono kumvusha mtaro, jirani msiyemjua aliyewasogezea pembe ya mkeka wake, hao mtakuwa nao kutwa.

Ushauri wangu ni mmoja, mengine yote ni matawi yake. Siku ya tamasha iendeni kwa mwendo wa mdogo kuliko wote mliofuatana naye. Akichoka yeye, msafara mzima umechoka. Akilala, tafuteni kivuli mkae. Akisimama kutazama mtu anayekaza ngozi ya ngoma kwenye moto, simameni naye mpaka aridhike, hata kama kule mbele wanashangilia. Mkienda kwa mwendo wa kijana wa miaka 25, jioni kila mmoja atarudi na hasira zake, na bibi mtakuwa mmemwacha nyumbani kulinda kuku. Magoti ya mzee na miguu ya mtoto huchoka kwa wakati mmoja. Ukimtazama mtoto, umemtazama na bibi.

Msidhani nawavuta kwenye ushamba. Kwetu Buhaya muziki haukuwa na geti la umri. Fikirieni nanga. Ni ubao mrefu uliochongwa ukaachiwa kina kidogo katikati, na ncha zake mbili zikatiwa meno. Kamba moja ndefu hupitishwa kwenye jino la huku, ikaenda ya kule, ikarudi, mpaka ubao ukawa na nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akailaza, akaidonoa kwa vidole huku akisimulia habari za wafalme, mashujaa na wanawake waliowashinda hao mashujaa kwa akili. Nanga ilipigwa kwa Omukama, mfalme wetu, na ilipigwa pia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, katika nyumba za watu wa kawaida. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mtoto wa huku huku, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tendi hizo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akawaonyesha wasomi waliodai kwamba Afrika haina utendi mrefu kwamba hawakuwa wamefika Bukoba.

Ninachotaka mkione ni kitu kidogo kuliko hoja za wasomi. Nanga ina sauti ndogo. Ukikaa mbali husikii, kwa hiyo watu husogea. Mzee akasogea, mama akasogea na mtoto mgongoni, mtoto akalala katikati ya kisa, akaamka shujaa bado hajafa. Hakuna aliyemwambia mama ampeleke mtoto nje. Siku hizi sauti inatoka kwenye spika zilizopangwa kwenda juu kama ghorofa, na kazi ya spika ni kumfikia aliye mbali. Aliye karibu inamfukuza. Silalamikii spika. Nasema tu kwamba kazi ya kusogezana, iliyokuwa ikifanywa na chombo chenyewe, sasa inabidi muifanye ninyi kwa makusudi.

Kama mnataka kuona tamasha ambalo watoto na wazee bado wamo ndani yake, vukeni ziwa mwende Bujora wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma. Najua Mhaya kumsifia Msukuma si jambo la kila siku, lakini haki ya mtu mpe. Bujora iko Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma, na sherehe hufuatana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo mara nyingi huangukia Juni. Ni kiangazi, nyasi zimeanza kukauka, mavuno yamo ndani, watu wana nafasi. Aliyeikuza ni Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Badala ya kuzipiga marufuku ngoma, kama walivyofanya wengine wa wakati wake, alizifungulia mlango wa kanisa, akakusanya ngoma za watemi na vyombo vya kale, pakawa na makumbusho yaliyopo mpaka leo.

Kwa kwenda, wa zamani tulizoea meli ya usiku. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, inapitia Kemondo, na mtoto anayelala chomboni huamka Mwanza hajui kama amesafiri. Ila ikiwa mnatoka Muleba na watoto watatu na mizigo, basi la asubuhi linafaa zaidi kuliko zamani. Ile foleni ya kivuko cha Busisi, iliyokuwa ikiwalia watu saa nzima na zaidi huku watoto wakiomba mahindi ya kuchoma kila dirisha, imekwisha. Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Mwambieni mtoto akae upande wa dirisha hapo.

Sasa ukifika uwanjani Bujora utashangaa kwamba makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule. Mgeni hudhani ratiba imeharibika. Kumbe ndiyo mashindano yenyewe. Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, na asili yake inasimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ina nguvu zaidi. Ubishi ukaamuliwa kwa ngoma. Mpaka leo hukumu ni ile ile: anayeshinda ni aliyevuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana kila kundi huwa na mbinu. Hawa wanarusha majembe juu na kuyadaka wakicheza bugobogobo, wale wanatoa chatu kwenye sanduku, mwingine amevaa sanamu kubwa la kuchekesha na anajifanya mlevi. Waganga wana dawa ya kuvutia umati, wanaiita samba, na mtu wa dini akiuliza kama inafanya kazi huambiwa atazame watu wamesimama wapi.

Hapo nataka muwe na subira na mtoto, kwa sababu pale mtoto ni hakimu kamili. Miguu yake inahesabiwa sawa na ya diwani. Akitoka mbio upande wa majembe kwenda upande wa chatu, na watoto wenzake thelathini wakamfuata, na mama zao wakawafuata watoto, kundi la majembe limeshindwa, na wachezaji wenyewe wanajua. Utawaona wakianza kutazamana, mpiga ngoma anabadilisha mdundo, kiongozi anatoa kichekesho alichokuwa amekiweka akiba. Sijaona mahali pengine ambapo msanii mzima, mwenye jina lake, anahangaika kumrudisha mtoto wa miaka sita. Basi ukimvuta mkono ukimwambia "tulia hapa, tumepata nafasi nzuri," umemnyang'anya kura yake. Mfuate. Mtachoka, lakini mtachoka kwa kucheka.

Wengine mtaniambia mnataka Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, hufanyika Februari, na kwa miaka mingi nyumba yake imekuwa Ngome Kongwe. Ni zuri, na lina historia ya kufundisha pia: mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017, kwa hiyo anayelalamikia bei ya tiketi afikiri mara mbili. Kwa familia mimi ningechagua yale maandamano ya ufunguzi, beni na ngoma na wanasarakasi wakipita mitaani, kuliko usiku wa jukwaani. Barabarani hulipi, mtoto anaona tarumbeta kwa karibu, na mkichoka bustani ya Forodhani haiko mbali. Bagamoyo nako chuo cha sanaa kina tamasha lake tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Kuna bahari, kuna wanafunzi wanaocheza mchana kweupe. Nendeni. Lakini nauli ya familia kutoka Bukoba kwenda pwani mnaijua, na mimi sitaki mtu akope ili apumzike.

Narudi kwenye spika, maana hapa mnawaumiza watoto bila kujua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba kwenye kumbi na matamasha wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, kuwe na mahali tulivu pa kupumzisha masikio, na wasikilizaji wapate vizibo vya masikio. Semeni kweli, ni tamasha gani la kwetu mmeona hayo? Basi jitengenezeeni wenyewe. Sauti kwenye uwanja wazi hupungua kadiri unavyosogea nyuma; kwa spika ya kawaida, ukitoka mita 10 ukaenda 20 umepunguza kama desibeli 6, ukienda 40 umepunguza nyingine 6. Na kila desibeli 3 zikipungua, nguvu inayolipiga sikio imepungua nusu. Mita thelathini za kurudi nyuma ni hatua chache tu, na huko nyuma ndiko kulikoketi wenye akili: wenye mikeka, wenye chupa za chai, wenye watoto wachanga. Ukitaka kumwona msanii uso wake, nenda mbele wewe kwa nyimbo mbili, mwachie mwenzako mtoto, kisha rudi mbadilishane. Mtoto anayeziba masikio kwa mikono hafanyi deko. Anawaambia kitu.

Mahali pa kuketi pasiwe njia ya watu wanaokwenda chooni. Hili naomba mlishike, hasa mnaochelewa kufika. Pawe na mti au ukuta wa kuegemea mzee, pawe na mwanya wa kutokea bila kukanyaga watu, na mtoto apaone kwa mbali. Msimwambie "tukipotezana tukutane jukwaani," kwa sababu jukwaani ndipo kila mtu anakwenda. Mwambieni mti. Na namba ya simu iandikeni kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mkono wake, juu ya kiwiko, pasipofutika akinawa. Mtoto aliyepotea katika umati husahau hata jina la baba yake; atasema "baba anaitwa Baba."

Tuje nyumbani. Miaka ya karibuni mkoa wetu una tamasha la Desemba, Ijuka Omuka, la kuwaita watu wa Kagera walio mbali wakumbuke kwao. Mnakuja kwa wingi mwezi huo, magari ya namba za Dar yanajaa mpaka Nyanga hapa barabara inakuwa nyembamba, na hata ambaye hana habari na tamasha lolote anajikuta kwenye ngoma ya harusi, ya komunio au ya kanisa. Desemba yetu lakini si kiangazi. Kiangazi chetu, ekyanda, ni Juni hadi Agosti. Desemba ni mvua, na mvua ya Bukoba ina tabia yake: hutengenezwa ziwani usiku, ikatushukia alfajiri na asubuhi. Mkiamka mkakuta inanyesha, msivunje safari. Mara nyingi saa sita imekata, majani ya migomba yanametameta, na upepo wa ziwa unaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Tokeni saa saba, na kitenge cha ziada cha kutandika, kwa sababu ardhi itakuwa bado na unyevu.

Mkiwa ufukweni, watoto watataka maji. Wakatazeni kuingia ziwani, na msinione mkali. Ziwa Victoria lina kichocho, na konokono wake hupenda maji tulivu ya kando yenye nyasi, hapo hapo ambapo mtoto anaona ni salama. Wachezee mchanga.

Chakula ndicho sehemu ambayo sina ubishi na ninyi, kwa sababu mnapenda ninachopenda. Desemba kuna senene. Wanunue waliokaangwa siku hiyo. Senene mzuri anakatika mdomoni kwa mlio, hana harufu ya mafuta yaliyolala. Wajukuu wa kike waambieni kwamba zamani wanawake walikamata senene usiku kucha wakachambua miguu na mbawa, kisha wanaume ndio wakala, na mke akapewa nguo kwa kazi yake. Bibi zenu walivaa nguo, ninyi mnakula senene. Mimi nachagua senene. Kuna ndizi na maharage, kuna sato, na kuna kahawa ya kutafuna ambayo mgeni akipewa hujiuliza afanye nayo nini. Mpeni mgeni, hiyo ndiyo heshima yetu. Watoto wapeni maji kabla hawajaomba. Soda wakinywa tatu mtacheza nao ngoma ambayo haikuwa kwenye ratiba.

Kuhusu pombe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wazazi wenye akili hawahitaji maneno mengi. Mliokuja na watoto, mmoja wenu asionje kitu mpaka mrudi. Rubisi ni kinywaji cha wazee wetu na sikitukani, lakini rubisi ya tamashani hujui imepikwa na nani, na gongo sitaki hata kuisikia. Kuna juisi tamu ya ndizi kabla haijachachuka. Inatosha kumfanya mtu acheze, kama anataka kucheza kweli.

Na mcheze. Hili la kusimama na simu juu, mkono umekakamaa, mnapiga picha ya mtu ambaye ana wapiga picha wake wa kulipwa, silielewi. Mtoto anajifunza kucheza kwa kuutazama mwili wa mama yake. Akikua anakumbuka kwamba siku ile mama alivua viatu. Mnaujua wimbo wa Saida Karoli wa Maria Salome, wa mwaka 2001? Uliimbwa kwa lugha yetu, ukavuka mpaka Uganda, ukachezwa na watu wasiojua neno hata moja la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha kwa mtindo wao, wakauita Salome. Sasa dijei akiuweka, tazameni kinachotokea kwenye mkeka mmoja. Mtoto anarukaruka kwa hatua alizoziona kwenye video. Mama yake anaimba ya Saida. Bibi anainuka taratibu, anajifunga kitenge kiunoni, anatikisa mabega kama ilivyochezwa kabla ya wote wawili kuzaliwa. Dakika nne hizo hazijapangwa na mwandaaji yeyote. Ukiwa umemwacha bibi nyumbani, hazitokei.

Siku mkikuta wapiga ngoma wa kwetu hasa, wale wa vikundi vya vijijini wanaopewa dakika kumi mchana wa jua kali wakati watu bado hawajafika, hao ndio muwawahi. Waandaaji huwaweka mwanzo kama vijana wa kufagia uwanja. Kwa familia hiyo ndiyo saa bora: nafasi ipo, sauti haijapandishwa, na mtoto anaweza kusogea mpaka akaona jasho la mpigaji likidondoka kwenye ngozi. Mpeni mtoto noti ya elfu moja akamtunze mchezaji. Msimpe mkaipeleka ninyi, aipeleke mwenyewe, kwa mikono miwili, apige goti kidogo kama anavyosalimia nyumbani. Atatetemeka, atarudi mbio, atajificha nyuma ya kitenge. Lakini ameingia ngomani kwa mlango unaostahili, na yule mchezaji atampigia mdundo wake peke yake. Nimeona mtoto wa mjini, asiyejua "kamwabonaki waitu" hata kuitamka, akakaa mbele ya ngoma mpaka jioni baada ya kupigiwa mdundo mmoja hivyo.

Salimianeni na walio pembeni yenu. Mjini mmezoea kukaa na mtu kwenye kiti kimoja cha daladala saa mbili bila kumjulia hali. Huku ni tusi. Ukitandika mkeka kando ya watu, salimu, jitambulishe umetoka kwa nani, uliza nao wametoka Muleba au Kamachumu au Kanyigo. Kabla ya nusu saa mtagundua mmeoana mahali fulani. Faida yake ni kubwa kuliko adabu: watu waliosalimiana huangaliana watoto na mizigo, na mzee akitaka kwenda chooni anapata wa kumsindikiza.

Neno kuhusu kuondoka. Msanii mkubwa ataletwa mwisho, saa tano au sita usiku, kwa sababu waandaaji wanataka mkae mnunue vinywaji. Ninyi mna mtoto aliyeamka alfajiri. Ondokeni kabla yake. Ndiyo, nimesema kabla yake. Saa mbili usiku mkiwa njiani, mtoto akiwa bado anacheka, siku imekamilika. Huyo msanii mtamsikia redioni kesho, na keshokutwa, mpaka mmchoke. Mkibaki, mtatoka pamoja na maelfu ya watu wenye haraka, walevi wakiwamo, mkigombania bodaboda gizani, na siwezi kuelewa mzazi anayepanda bodaboda moja na mtoto mgongoni na mwingine mbele saa saba za usiku. Panga usafiri asubuhi, na dereva unayemjua, mwambie saa ya kuwafuata, na mkumbushe. Kijana asiye na mtoto akitaka kubaki, abaki na wenzake, hatumkatazi. Asimlaumu dada yake kwa kuondoka.

Mkifika nyumbani msimuamshe mtoto kumwogesha. Mvueni viatu, mpanguseni miguu kwa kitambaa cha maji, mlazeni. Asubuhi muulizeni alipenda nini, na mjiandae kusikia kitu ambacho hamkukiona: mbuzi aliyepita nyuma ya jukwaa, au mzee aliyelala na kofia usoni. Msimsahihishe.

Mimi mwaka huu nina nguvu za kukaa hadi saa kumi na mbili jioni, si zaidi. Mkija kunichukua njooni na kiti, cha kwangu cha plastiki kimepasuka mguu.